Kwa Aloyse Weydert: Safari Hii Hakuna Orodha Langoni

Mwaka mzima umepita sasa, Aloyse, tangu asubuhi ile ya mavuno ulipokaa kwenye benchi la jikoni ukasema unapumzika kidogo, usiinuke tena. Zabibu za mteremko wa juu zilichumwa bila wewe. Dada yako Sidonie, aliyekulea tangu mama yenu alipofariki, bado anachemsha kahawa ya watu wawili, halafu anajikasirikia.

Wakubwa wamekusifu sana mwaka huu. Wamekuita mjenzi wa umoja wa Ulaya, na huko mjini wameipa barabara moja jina lako. Sisi tunakukumbuka ulipokuwa waziri, ulivyokwenda kwenye mikutano ya nchi sita za Ulaya na mkate wa jibini mfukoni mwa koti, maana chakula cha hoteli kilikusumbua tumbo. Ulisinzia kanisani kila Jumapili na kila Jumapili ukakataa kwamba ulisinzia.

Tunawakumbuka na wale mawaziri wawili wa nchi mbili waliokuwa hawasalimiani. Ukawaleta hapa kijijini Mertesbach, ukawakalisha jikoni kwa Sidonie mbele ya kikapu cha maharage mabichi. Mmoja akauliza chakula kitaiva saa ngapi.

"Bwana mkubwa," Sidonie akamjibu, "maharage hayajikati yenyewe. Kisu hicho hapo."

Wakakata. Kabla supu haijaiva walikuwa wakigombana nani anakata ovyo, na jioni wakagombana juu ya makaa ya mawe na chuma kama watu wanaojuana. Ukamwambia Sidonie, "Dada, leo umefanya kazi ya mwezi mzima." Akasema, "Basi wewe kaoshe vyombo." Ukaosha, waziri mzima.

Kazi yako ilianzia mtoni, mpakani mwetu na Wajerumani, majira ya baridi ya kwanza baada ya vita. Metty, mdogo wenu, alikuwa amechukuliwa kwa nguvu akavalishwa sare ya Wajerumani, na hakurudi. Wewe ulirudi kutoka kambi ya wafungwa, mifupa mitupu. Hata wiki haijaisha ukabeba gunia la viazi, ukaelekea kwenye kivuko.

"Unawapelekea chakula hao?" Sidonie alikupigia kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. "Hao hao waliomchukua Metty?"

"Ni kwa Gertrud Schommer, dada. Mumewe amekufa vitani, ana watoto watatu. Hao watoto wamemchukua nani?"

Sidonie hakukusemesha siku tisa. Masika Gertrud akavuka na mzigo wa miche ya mizabibu mgongoni, kwa kuwa yetu iliungua vitani. Akasimama mlangoni, asithubutu kuingia. Sidonie alimwacha asimame kwa muda mrefu. Halafu akamsogezea kiti. Tangu siku hiyo Gertrud alikuja kila Jumapili na keki yake ya plamu, na nyinyi wawili mkamcheka namna anavyotamka maneno yetu, naye akawacheka mnavyopogoa mizabibu. Ulipoulizwa na watu wa magazeti umoja wa Ulaya utakuwaje, ulisema wewe umekwisha kuuona, umoja wenyewe umekaa jikoni kwa dada yako na unaomba sukari.

Sasa tuseme lililotuuma. Tunalisema hadharani kwa sababu lilitendwa hadharani.

Siku ya mazishi yako bwana mmoja wa itifaki alifunga kamba kwenye lango la makaburi. Akashika orodha, akadai vitambulisho. Hebu fikiri, Aloyse! Vitambulisho! Kwenye mazishi ya mtu aliyetumia maisha yake yote ili watu wasisimamishwe mpakani. Gertrud alifika saa moja kabla, na shada alilolisuka mwenyewe kwa majani ya mzabibu.

"Mama, jina lako halimo. Na wewe si wa nchi hii."

"Aloyse alilijua jina langu," Gertrud akamwambia. "Kamuulize."

Yule bwana hakuona haya. Mvua ikamnyeshea bibi wa miaka sabini na minane nje ya ukuta, na ndani watu watano wakahutubu juu ya milango uliyoifungua. Watano! Wawili kati yao hawakupata kukuona. Sidonie alikuwa mbele, akadhani Gertrud anaumwa. Alipotoka alikuta shada limewekwa juu ya ukuta, na mwenyewe amekwisha kuvuka kurudi kwao. Toka hapo Gertrud hajaja tena. Kila akialikwa anasema magoti yanamuuma. Si magoti. Ameaibishwa, na sisi ndio tuliokaa ndani kwenye viti.

Mwezi uliopita ikaja barua ya yule bwana wa itifaki kwamba kumbukumbu yako ya mwaka mmoja itakuwa na utaratibu ule ule: watu sitini, kadi langoni. Sidonie alisoma hadi darasa la nne tu, lakini barua hiyo aliisoma mara tatu. Akavaa kofia ya kanisani, akapanda treni na Fränz, mtoto wa binamu yenu, mpaka ofisini kwa yule bwana.

"Ni mambo ya usalama, mama," akamwambia.

"Usalama wa nani? Mwenye shughuli amekwisha kufa."

"Bila orodha, waziri hatakuja. Na bendi haitakuja."

"Bendi isije. Aloyse alikuwa akiziba masikio." Sidonie hakupandisha sauti, nawe unajua asipopandisha sauti ni hatari. "Nimekaa kimya mwaka mzima nikisema labda mlikosea. Kumbe mnaupenda utaratibu huu. Basi uwekeni hukohuko mjini kwenye barabara yake. Makaburi ni ya parokia, na padri amekwisha kunipa ufunguo."

Kisha akavuka mto mwenyewe, mara ya kwanza tangu vita. Gertrud akaanza habari za magoti. Sidonie akasema, "Mdogo wangu, nimekuja kuomba radhi, sikuja kusikia habari za magoti." Wakalia, wakagombana kidogo kuhusu nani alilia kwanza, na Gertrud akakubali kuja.

Misa itasomwa kanisani Mertesbach Alhamisi hii saa nne asubuhi, kisha tutakwenda kaburini. Wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile waje, wenye kadi na wasio na kadi. Waziri akitaka kuja, aje kwa miguu kama wengine, atapewa nafasi nyuma. Shada la kwanza litawekwa na Gertrud, kabla yetu sote.

Unakumbukwa na dada yako Sidonie. Fränz na mkewe Léonie na watoto wao. Na dada yako Gertrud Schommer, wa ng'ambo, pamoja na wanawe watatu uliowalisha viazi.

Siku zote tutakukumbuka, Aloyse. Na utusamehe mazishi yale.