Sweta la Pengwini

Jumanne, Desemba 27. Mawingu tangu asubuhi, na joto la kunata ambalo bado halijaamua kuwa mvua.

Kaka yangu ameongea. Alisema neno moja siku ya Krismasi, nyuma ya jiko letu, na aliyelisikia ni mimi peke yangu. Sijamwambia baba. Sijamwambia mama, ambaye amelisubiri neno hilo tangu kabla sijazaliwa.

Hakuna mtu yeyote anayejua. Naliandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayeijua sura yangu.

Nilimaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Tangu hapo nashinda nyumbani au kwenye kibanda cha baba pale Majengo, anakouza mitumba. Mimi ni yule msichana anayesimama nyuma ya nguo zilizotundikwa, mteja akimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Wateja wengine hudhani watoto wote wawili wa baba ni mabubu.

Huyo mwingine ni kaka yangu. Nitamwita Twaha, ingawa si jina lake. Ana miaka kumi na tisa. Si bubu, maana hucheka, na huimba nyimbo ndefu zisizo na maneno. Lakini hakuwahi kusema. Hakuangalii machoni. Kelele zikizidi huziba masikio na kuanza kujipiga kichwani kwa ngumi. Anapenda kukunja nguo. Ukimpa rundo la mashati atakunja mpaka adhuhuri, na ukikunjua moja kwa kumtania atalikunja upya bila kukasirika.

Shuleni alikaa siku chache tu, mwalimu akamrudisha nyumbani, akasema aletwe akishazoea watu. Mtaani wanamwita zezeta. Wale wenye huruma husema ana majini. Wanawake walimwambia mama kwamba alipokuwa na mimba yake lazima alimcheka bubu. Mama hakumbuki kumcheka mtu, lakini ameshaomba msamaha kwa kila bubu tuliyewahi kukutana naye sokoni.

Hapa kwenye intaneti niliwahi kutafuta habari za mtoto asiyesema, kwa Kiingereza changu cha shule, nikakuta kuna jina: otizimu. Sijui kama lina Kiswahili chake. Nilisoma ukurasa mzima nimeinama mbele ya kioo cha kompyuta ili aliyekaa jirani asione. Kila mstari ulikuwa Twaha. Waliandika kwamba mtu huzaliwa hivyo, na kwamba si kosa la mama. Nilirudi nyumbani mbio nikitaka kumwambia. Nikamkuta anachambua mchele. Nikaketi karibu naye, nikaanza kuokota mawe, na sikusema.

Wakati mwingine nafikiri kaka yangu na mimi tunafanana kuliko watu wanavyojua.

Sasa habari ya sweta.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, baba alifungua belo la masweta. Ndani yake lilitoka moja jekundu, zito, lenye ndege sita kifuani, weusi kwa weupe, kila mmoja amevalishwa kofia ya Krismasi. Wateja walicheka sana. Mmoja alisema ni kunguru waliobatizwa. Mimi nilijua ni pengwini, mwalimu wa jiografia alituchorea. Twaha alilichukua, akalivaa, na tangu siku hiyo hakulivua ila Ijumaa.

Sokoni kelele zikianza, hugusa pengwini wa kwanza kwa kidole, halafu wa pili, mpaka mwisho, kisha anarudi. Basi. Miaka miwili hajajipiga. Hirizi, kombe na maji ya kila namna havikuwahi kufanya hivyo. Ijumaa asubuhi mama humwambia, "Lete nifue, baba," naye hulivua mwenyewe na kumkabidhi. Kisha huketi chini ya kamba amejifunga shuka, analitazama mpaka likauke.

Vijana wa sokoni walimpa jina jipya.

"Baba Krismasi, zawadi zetu vipi?"

"Muacheni, huyu anasubiri gari lake la kulungu, limeharibikia Kibaigwa."

Yeye hukunja nguo. Baba naye alikuwa akicheka, akasema bora watu wamcheke kuliko wamwogope.

Niliwahi kutafuta pia kwa nini pengwini yuko kwenye mambo ya Krismasi. Sikupata sababu ya maana. Anaishi kusini kabisa mwa dunia, mbali na alikozaliwa Nabii Isa, mbali hata na hao Wazungu wanaomfuma kwenye masweta. Ni kwamba anatembea kwenye barafu na anapendeza, nadhani. Walimvika kofia, wakamweka kwenye kadi na vikombe, na hakuna anayemuuliza anafanya nini pale. Nilimwonea wivu, ndege. Nilimwonea wivu kwa niaba ya kaka yangu.

Jumamosi Baba Mkubwa alifika kutoka Kondoa. Ni kaka mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea baba baada ya babu kufariki, na baba hajawahi kumwambia hapana. Si mtu mbaya. Alituletea asali, na karanga za Twaha alizibeba kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. Lakini alipitia sokoni kwanza. Soko lilikuwa limejaa watu wa vijijini waliokuja kununulia watoto nguo za sikukuu, na akamkuta Twaha amesimama katikati ya vijana na jasho linamtiririka, wakimwimbia.

Jioni, tulipomaliza kula, akauliza, "Hili vazi lilitoka wapi?"

"Kwenye belo, kaka," baba akajibu.

"Kafa Ulaya."

Ndivyo wazee walivyoiita mitumba zamani, wakiamini ni nguo za Wazungu waliokufa. Baba akacheka. "Kaka, kama ningekuwa nauza majini ningekuwa tajiri sasa hivi."

Baba Mkubwa hakucheka. Alisema mwenye sweta hilo alikufa akiwa amelivaa, na sasa amehamia kwa mtoto wetu, na hatatoka mpaka lichomwe. "Mnafikiri kwa nini hasemi? Aliye ndani yake ni Mzungu. Hajui Kiswahili."

Sijui sauti niliitoa wapi. Nilisema, "Baba Mkubwa, hakuwa anasema hata kabla ya sweta."

"Umemaliza shule juzi, mwanangu, leo unatufundisha."

Nikamtazama baba. Nguo hizo hizo zimetulisha, zimenilipia shule, na hatujawahi kuogopa hata soksi. Nilitaka aseme hivyo. Nilimwona midomo yake ikisogea. Halafu akasema taratibu, "Labda hilo moja tu."

Baba Mkubwa akamgeukia mama. "Shemeji, hutaki kuisikia sauti yake?"

Mama alijifunika uso kwa khanga, na nikajua tumeshindwa.

Jumapili soko lilifungwa. Kwa jirani yetu Mama Neema walikuwa wamefungulia spika tangu alfajiri, nyimbo za Krismasi zinatetemesha bati. Alituletea pilau kama kila mwaka, akatuita mmoja mmoja tuje tuonje ikiwa ya moto. Baba Mkubwa alikuwa ameshawasha makaa nyuma ya jiko na kutia ubani.

Mama akamwendea Twaha. "Lete nifue, baba."

Haikuwa Ijumaa. Twaha anazijua siku. Alimtazama mama usoni, yeye asiyemtazama mtu, akamtazama kwa muda. Kisha akavua sweta na kumkabidhi, akachukua shuka yake, akaenda kukaa chini ya kamba.

Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alimwamini.

Sweta lile halikuwaka. Ni uzi wa nailoni. Liliyeyuka, likajikunja, likatoa moshi mweusi wa kunuka kama ndoo ya plastiki inayoungua. Baba Mkubwa alikuwa akisoma dua kwa sauti, na moshi ulipozidi akasema, "Mnamwona? Huyo anatoka." Baba alikuwa anakohoa. Mama alikuwa ameinama. Spika ya jirani ilikuwa inaimba habari za amani duniani.

Twaha akainuka. Labda ni ile harufu. Akaja na shuka yake mpaka kwenye kona ya jiko nilipokuwa nimesimama, akaona. Hakupiga kelele. Nilimshika mkono. Aliyatazama makaa, kisha akanigeukia.

Akasema jina langu.

Sitaliandika hapa. Ni lile la utotoni, ambalo mama huniita akiwa na furaha. Alilisema zima, bila kukwama, kwa sauti nzito. Miaka yote nilipokuwa nikiwaza siku atakayosema, nilimpa sauti ya mtoto. Sikujua kwamba kaka yangu ana sauti ya mwanaume.

Wengine hawakusikia kwa sababu ya muziki. Mimi nilijua analotaka. Alikuwa ananiambia nifanye kitu. Na sweta halikuwapo tena, lilikuwa tope jeusi juu ya makaa, na sikuwa na la kufanya.

Nilikuwa karibu kupiga kelele, "Amesema!" Kabla sijafungua mdomo Baba Mkubwa alimaliza dua yake, akawageukia wazazi wangu. Akasema, "Sasa tunasubiri. Akitoa hata neno moja, mjue dawa imeshika. Alhamisi nitaondoka naye Kondoa, akamalizie tiba kwa yule mzee. Asipotoa neno, basi si dawa yake, nitamwacha."

Huyo mzee namfahamu. Tulipokwenda likizo niliona nyumba yake. Wagonjwa hufungiwa chumba kisicho na dirisha, hufukizwa moshi, na anayekataa hufungwa kamba. Tulisikia mtu akilia humo tukiwa njiani kwenda kisimani. Twaha, anayeziba masikio pikipiki ikipita.

Nikafunga mdomo.

Tangu Jumapili anakaa chini ya kamba. Hakuna kitu juu yake, anaitazama tu. Jana mvua ilinyesha kidogo na hakusogea, mama akamshikia mwavuli. Ameanza tena kujipiga kichwani. Hana kitu cha kugusa kifuani.

Baba hakuuza jana. Alikwenda akapekua kibanda chake chote, akaomba kupekua na cha mwenzake, akitafuta sweta jingine lenye pengwini. Alirudi jioni na moja lenye mtu wa theluji, akamwekea Twaha mapajani. Twaha alilikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama anavyokunja za kuuza. Kisha akamrudishia. Baba alilipokea, akaenda nalo chumbani, na hakutoka hata kwa chakula.

Na mama. Kila asubuhi mama anachuchumaa mbele yake, anashika magoti yake, anambembeleza. "Sema, baba. Sema 'mama' tu. Nikisikia hilo moja sitakuomba kitu kingine." Mimi niko pale pale naosha vyombo. Ninacho anachokiomba. Ningeweza kumpa kwa sentensi moja, na angelia kwa furaha, angekimbia kuwaambia. Halafu ningemwambiaje kwamba neno lenyewe halikuwa shukrani? Wangesema moshi ndio uliolitoa. Wangetafuta kitu kingine anachokipenda, wakakichoma pia.

Tena hakumwita yeye. Aliniita mimi. Hilo nalo ni zito kumpelekea mama.

Asubuhi Baba Mkubwa aliniita akanipa karanga, zile za Twaha ambazo Twaha amekataa. Akaniuliza kwa upole, "Wewe unakaa naye sana. Hujasikia kitu?"

Nilitikisa kichwa. Watu wamezoea nijibu hivyo. Hakuuliza tena.

Basi la Kondoa linaondoka Alhamisi asubuhi. Nikiweza kunyamaza mpaka hapo, kaka yangu atabaki nyumbani. Maisha yangu yote nimesemwa kwa sababu ya kunyamaza. Walimu waliandika kwenye ripoti, ndugu walicheka. Siku hizi mbili nimejifunza kwamba kunyamaza kunaweza kunishinda hata mimi.

Najiuliza kama baada ya Alhamisi nitaweza kumwambia mama, au kama nitakuwa nimemwibia kitu ambacho hakirudishwi. Najiuliza kama Twaha atasema tena siku nyingine, kwa jambo jema, mbele yake. Najiuliza kama anasubiri nimjibu. Aliniita, na sikuitika.

Muda wangu kwenye kompyuta unakwisha.

Wewe unayesoma, sikujui, lakini Dodoma si kubwa. Huenda ukapita Majengo kesho au kesho kutwa ukakuta kibanda ambamo mama mmoja mwenye macho mekundu, anayeshika zamu ya mumewe, anakunja nguo vibaya, kwa sababu mkunjaji wake hayupo. Nunua kitu ukiweza. Akianza kukusimulia, kama anavyowasimulia wateja wote, kwamba ana kijana mkubwa, mzuri, ambaye hajawahi kutamka neno, mpe pole na umsikilize mpaka amalize.

Tafadhali, usimwambie.