Mchezo umekataa kufunguka, na kesho Olivier anavuka mpaka

Jumapili, alasiri. Mawingu yameshuka mpaka volkano haionekani kabisa, na baridi imeingia hadi ndani ya nyumba.

Shajara, ninaogopa. Nimelisema mapema, kabla sijaanza kujifanya jasiri.

Kaka yangu Olivier yuko Uganda tangu wenye silaha walipoanza kukusanya vijana mitaani hapa kwetu Murara, mjini Goma. Aliondoka na begi moja na kompyuta yake ndogo ya kubeba, akaniachia mimi ile kubwa ya mezani. Namba yake mpya ya simu sina. Alikataa kunipa, ili siku simu yangu ikipekuliwa kwenye vizuizi vya barabarani isikutwe humo. Hapa kwetu kila mtu anasafisha simu kabla ya kutoka nyumbani, kama anavyojitazama kwenye kioo, lakini Olivier aliona hata kusafisha hakutoshi.

Tulikubaliana kukutana mahali pamoja tu: kila Jumapili baada ya misa, ndani ya mchezo wa mpira kwenye kompyuta. Kila mmoja anavaa vipokea sauti vyake, tunachagua timu, na wachezaji wakiwa wanakimbia sisi tunaongea. Hatuandikiani hata neno moja. Olivier haamini maandishi. Najua, na mimi hapa ninaandika. Majina yote humu si yetu, na ukurasa huu nitaufungua kwa wasomaji siku ambayo hautaweza kumdhuru mtu.

Jumapili iliyopita aliniambia amechoka kulala kwa watu. Rafiki yake mmoja alirudi Goma na hakuguswa, kwa hiyo naye anarudi Jumatatu hii, yaani kesho, kupitia mpaka wa Bunagana. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamvalisha vipokea sauti ili asikie mwenyewe. Alicheka kama msichana. Tangu siku ile amefua mashuka ya Olivier, amefungua dirisha la chumba chake, na anaimba jikoni.

Ijumaa wanaume wawili walikuja mlangoni. Siwajui. Walikuwa wapole kupita kiasi. Waliuliza kama Olivier amesharudi, na kama bado, anarudi lini. Nilisema sijui. Walinishukuru vizuri wakaondoka. Mama alikuwa sokoni kwenye biashara yake ya maharage, na aliporudi sikumwambia. Ningemwambiaje, na mashuka yako kwenye kamba? Nilijiambia Jumapili nitamwonya Olivier asije, kisha nitatafuta la kumwambia Mama.

Jana nikaufungua mchezo, nihakikishe tu kwamba uko sawa.

Haukuwa sawa.

Ulikuwa umejisasisha wenyewe, ukaja na mlinzi mpya. Mlinzi ndivyo sisi wachezaji tunavyoiita ile programu ya kuzuia wadanganyifu. Kazi yake ni kupekua mashine nzima kabla ya kukuruhusu uingie uwanjani. Skrini inakuwa nyeusi, unatokea mstari unaojaa polepole, na ulipokaribia kujaa kila kitu kikafungwa. Ukaja ujumbe: faili za mchezo zimeguswa, mchezo umesimamishwa. Mimi sijagusa kitu. Kudanganya kwenyewe sijui, ndiyo maana Olivier ananifunga kila wiki.

Ujumbe ule ulinitoa jasho. Nilijikuta ninafikiri kwamba hata ndani ya kompyuta kumewekwa kizuizi, na kuna mtu pale anataka kujua ninaongea na nani. Ni ujinga, ninajua. Mlinzi anatafuta wadanganyifu wa mpira. Hata hivyo nilibandika plasta kwenye kamera.

Niliingia kwenye majukwaa ya wachezaji kutafuta dawa. La kwanza nililokutana nalo lilinitisha zaidi: mlinzi akikushuku mara nyingi, akaunti yako inafungwa. Kwa hiyo hata kujaribu ovyo nisingeweza. Kila jaribio lilikuwa na hatari yake. Nikamwondoa mlinzi na kumweka upya, kazi iliyokula karibu forfait yangu yote, kifurushi changu cha intaneti. Hali ikawa ileile. Nikakagua faili zote za mchezo, nazo zikaonekana nzima. Mashine inasema faili ni nzima, mlinzi anasema zimeguswa. Nimwamini nani?

Mwisho nikakuta maelezo ya mchezaji mmoja aliyekuwa na ujumbe uleule. Alisema faili hazina kosa, kosa liko kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Prosesa ikipewa umeme mdogo kuliko inavyohitaji, kazi nyepesi inazifanya vizuri, ila kazi ikiwa nzito inakosea hesabu. Upekuzi wa mlinzi ni kazi nzito. Mlinzi akipata jibu lisilolingana, anadhani umemdanganya, na anafunga mlango.

Hapo nikaacha kusoma, maana nilijua nani alipunguza ule umeme. Ni Olivier mwenyewe. Umeme wa mji unakuja unapotaka, tunaishi kwa betri ya sola, na ile kompyuta ilikuwa inaimaliza betri kabla hata hatujacheza nusu ya kwanza. Akaipunguzia prosesa chakula, kama anavyosema yeye, na mambo yakaenda. Mlinzi wa zamani hakujali.

Ilibidi niingie kwenye BIOS, zile kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla mashine haijaamka. Olivier alinikataza kugusa humo. Wengine kwenye jukwaa walishauri niibadilishe BIOS yote niweke mpya, lakini wakaongeza kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine ndiyo basi. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa mara mbili. Niliamua kurudisha tu umeme wa prosesa ulivyotoka kiwandani.

Leo tulipotoka misa, Mama akaenda jikoni na mimi nikakaa mbele ya mashine. Nilisoma kila mstari taratibu, kidole juu ya skrini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaupata mstari wenyewe, nikabadilisha, nikahifadhi.

Skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi.

Nilifikiri nimeiua. Nilimwona Olivier kesho pale mpakani, anashuka kwenye pikipiki na begi lake, hajui kitu. Halafu feni ikanguruma, na mashine ikaamka. Mstari wa mlinzi ukajaa wote na uwanja ukatokea. Nikataka kupiga kelele, lakini inveta, kile kifaa kinachotoa umeme kwenye betri ya sola, ilinitangulia ikaanza kulia, betri ikashuka kwa kasi, na kila kitu kikazima.

Nililia kidogo. Kisha nikafikiri, kwa sababu saa ya Olivier ilikuwa imefika. Umeme wa prosesa siupunguzi tena, lakini mbio zake je? Mtu akitembea badala ya kukimbia, anakula kidogo na hakosei njia. Nikasubiri betri inyonye kijua kidogo kilichopenya mawingu, nikarudi kwenye BIOS, nikaacha umeme ulivyo na kushusha kasi ya juu ya prosesa. Nikahifadhi na kufungua mchezo. Mstari ulijaa taratibu sana mpaka meno yakaniuma kwa kuyabana.

Ukajaa. Picha ilikuwa inakwamakwama, lakini mechi ilianza, na jina la Olivier lilikuwa pale, la kijani, ishara kwamba yumo mchezoni.

"Umechelewa, Aline," akasema. "Sikia, niko huku Bunagana, upande wa Uganda. Nililala hapa jana. Kesho asubuyi navuka."

Nilidhani bado yuko Kampala. Maneno niliyoyapanga tangu Ijumaa yakanikimbia. Nilimwambia tu asije: "Olivier, usikuye."

"Nisikuye? Juu ya nini? Mama anasemaje?"

Sikujua kwamba Mama ameshaingia. Alikuwa nyuma ya kiti changu, mikono ina unga. Alivitoa vipokea sauti kichwani kwangu taratibu, akavivaa yeye, na akainama karibu na kipaza sauti kama mtu anayeongea na kiziwi.

"Olivier, ni miye mama yako. Usikuye, mutoto wangu. Kuko batu bawili banakutafuta. Balikuya na kwangu, kule ku soko."

Nilimgeukia. Hakunitazama. Kumbe naye alijua; wale wanaume wawili walimfuata hadi sokoni. Alipokuwa anaimba jikoni alikuwa ananificha mimi, na mimi ninamficha yeye.

"Nilikuwa naomba urudi," akaendelea. "Sasa miye mwenyewe nakukataza. Ubakie kule. Nataka kukuona sana, lakini nataka uishi. Umesikia?"

Kwenye skrini mchezaji wa Olivier aliyekuwa na mpira alisimama. Mmoja wa kwangu akauchukua, na hakuna aliyemfuata. Nilijua amesikia. Mama alibana vipokea sauti masikioni kwa mikono yote miwili, akisubiri jibu, na inveta ikaanza tena kulia. Nilizima skrini ili kuokoa betri, nikachomoa kila kitu nilichoweza kuchomoa. Haikusaidia. Mashine ikazima.

"Amejibu?" nikamuuliza.

"Bado," Mama akasema. Alikaa navyo masikioni muda mrefu, na mashine imezimika.

Sasa ninaandika haya kwa simu. Betri inajaa polepole chini ya mawingu haya, na haitatosha kuiwasha mashine tena leo. Prosesa ni nzima, mlinzi ameridhika, na nimeyafanya yote niliyoweza kuyafanya. Lakini Olivier ni mbishi, na kutoka pale alipo hadi upande wetu ni mwendo wa miguu tu. Anaweza kudhani tumetishwa bure. Anaweza kudhani Mama anaumwa na hatutaki ajue, akaja mbio zaidi.

Kesho mpaka ukifunguliwa nitakuwa mbele ya mashine hii, na kazini watanisamehe. Nikiliona jina lake limewaka, basi hakuvuka. Nisipoliona sijui nitafanya nini. Mama amepiga magoti chumbani kwake tangu alipovivua vipokea sauti, na mimi ninakwenda kupiga magoti karibu naye, tumwombe Mungu Olivier asifike nyumbani.