Beti Ninazozishona

Juu ya Duka la Viatu,
Chumba cha Mwisho.
Jumatatu, 6 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Na goti lako je? Shemeji amepona kile kikohozi? Huku sote wazima, ila mimi nusu. Ukiona mistari ya barua inapanda na kushuka, usinicheke, sababu ninayo.

Daktari wa macho hakunificha. Presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto. La kulia atalipasua Alhamisi ya wiki ijayo, na hakuniahidi kitu. Dada, naogopa. Naogopa mpaka najidunga sindano kidoleni, mimi fundi wa miaka thelathini.

Na unajua ninacholilia? Si cherehani. Ni mashairi! Haya cheka, ni haki yako. Ulipokuwa ukisoma beti zako kitandani, si mimi niliyekuzimia taa nikisema unaongea na ukuta?

Ilianza hivi. Mwalimu mmoja aliniletea koti nimbadilishie bitana, akasahau diwani ya mashairi mfukoni. Nilifungua nitafute jina lake tu. Nikasoma ubeti mmoja, kisha wa pili, hadi niliposikia harufu: pasi ilikuwa imelala juu ya koti lake. Nilimshonea jingine. Alipoona ninavyokishika kitabu, akasema, "Baki nacho, mama. Lakini ukitaka kusoma, zima pasi kwanza."

Tangu hapo nasoma mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani: mizani nane, napumua, mizani nane. Nimechelewa, najua. Majuto ni mjukuu.

Sasa beti hizo nazishona. Nachukua mabaki ya bitana na uzi mnene, herufi kubwa kama kidole gumba, ili giza likija vidole visome. Jana nilifumba macho nikajaribu. Mstari wa kwanza ulikuja wote. Katikati ya wa pili kidole kikapotea njia, nikafumbua macho haraka.

Binti yangu anasema atanisomea yeye. Roho nzuri anayo, lakini shairi analisoma kama risiti.

Nisalimie Shemeji, Shangazi, na mjukuu wako Kibonge. Mungu akulindie goti, na zaidi akulindie macho. Njoo kabla ya Alhamisi hiyo, Dada. Usinibebee zawadi, beba miwani yako. Safari hii taa sitaizima.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, fundi.