Bibi Hana Mimba, Watoto Wako Mfukoni

Nyumba ya mwisho,
nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 10.

Mpendwa binti yangu,

Kaa chini kwanza. Jumatano iliyopita Baba yako Mdogo aliifunga mahakama. Milango ikakomewa, mawakili wakajibanza ukutani, mahakimu wakabaki ndani na chai zao, na yote hayo kwa mkono wangu mmoja.

Haya, si mahakama nzima. Ni lango la mbele tu, kwa dakika arobaini. Na mikono ilikuwa miwili, yote juu, kama mtu anayeanua nguo.

Hujambo lakini? Habari za wodini? Na yule mkwe wangu mrefu, bado anagonga kichwa kila mlango? Wajukuu je? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanuna kila nikiinuka, na siku hizi nainuka sana. Shangazi yako naye mzima wa afya. Kwangu ndiyo hayupo, maana hajanisemesha tangu Jumatano. Chakula ananiwekea mezani kama anayemwekea paka wa jirani.

Sababu ni kesi yake. Unamkumbuka jirani yake, Spana, fundi wa magari? Anadai jiko la shangazi yako limeingia kwenye kiwanja chake, anataka livunjwe. Jiwe la mpaka tulilizika mimi na marehemu baba yako, mchana kweupe, huyo Spana akiwa hajahamia hata kwa ndoto. Baba yako hayupo. Kwa hiyo shahidi aliyebaki duniani ni mmoja, na ndiye huyu anayekuandikia kwa kalamu inayovuja.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku yangu ya kutoa ushahidi. Nilitoka lindoni moja kwa moja, pale ghala la mbao, na bunduki yangu begani, ile ya mitutu miwili. Kibali kilikuwa mfukoni, halali kuliko ndoa za watu wengi. Ningepitia nyumbani kuiacha ningechelewa, nikaenda nayo.

Pale lango la mahakama pameandikwa kwa rangi nyekundu: SILAHA BINAFSI ZIKABIDHIWE HAPA. Utaratibu wenyewe mzuri, usije ukasema nawasengenya. Kuna meza, daftari, ndoo ya mchanga ya kuelekezea mtutu, na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Unakabidhi, unapewa kibati chenye namba, ukitoka unarudisha kibati unachukua chako. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama wakili wa Spana, tai imemkaba mpaka macho yamemtoka.

Mezani alikaa askari wa kike, umri kama wa mdogo wako wa mwisho. Akaniuliza vizuri tu, "Shikamoo mzee. Silaha ina risasi?"

Sasa hapa ndipo palipoharibika. Sisi walinzi wa ghala, mwaka wa ishirini na mbili huu, tunakabidhiana lindo kwa lugha yetu. Bunduki ni bibi. Ikiwa na risasi, bibi ana mimba. Ikiwa tupu, hana. Risasi ni watoto. Zamani ulikuwa utani, siku hizi hata hatucheki, ulimi umeshakariri. Basi nikamjibu kwa heshima zangu zote, "Marahaba mwanangu. Bibi hana mimba, watoto wako mfukoni."

Akanitazama. "Bibi yupi, mzee?"

"Si huyu hapa begani!"

Na ili asihangaike, nikatia mkono mfukoni nimwonyeshe hao watoto.

Lo! "Mikono juu! Mikono juu!" Kengele ikalia. Watu wakalala kifudifudi kama mikeka. Wakili wa Spana alijitupa chini ya benchi, viatu vikamvuka, zikabaki nje soksi zake, moja ina tundu kisiginoni. Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini unanijua. Nikasema, "Wakili, inuka, bibi hang'ati."

Wakaniweka kwenye chumba chenye kalenda ya mwaka juzi, wakahesabu risasi zangu nne mara tano. Nikiwa humo nikamsikia karani upande wa pili akimwita shangazi yako na shahidi wake. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nikapiga ukelele, "Niko huku!" Nikaambiwa nitulie. Kesi ikaahirishwa hadi tarehe 27, na hakimu kasema siku hiyo shahidi asipotokea, ataamua bila yeye.

Mkuu wa zamu alisoma kibali changu, akakiona safi, hakunifungulia shitaka lolote. Lakini bunduki akaifungia kabatini, akanipa kibati chake. "Mzee, silaha yako haina tatizo," akasema. "Tatizo ni huyo bibi." Anataka barua ya ndugu wa karibu, mtu wa kazi inayoeleweka, yenye mhuri, kwamba nina akili timamu. Bila hiyo bunduki haitoki, na mimi langoni siingii. Shangazi yako haruhusiwi kuiandika, kesi ni yake.

Wakati natoka nilimsikia wakili akijifuta vumbi na kumnong'oneza Spana, "Shahidi wao ameoa bunduki." Wakacheka. Mimi mwenyewe karibu nicheke, kisha nikalikumbuka jiko.

Tangu hapo situlii, binti yangu. Nimeinuka mara tatu nikiandika aya hii. Nakwenda kuutazama msumari mtupu ukutani, narudi. Nashika kibati mfukoni, namba 31, nakiachia, nakishika tena. Natoka kwenda kulitazama jiwe la mpaka, kana kwamba linaweza kuhama. Juzi shangazi yako alinikuta nimelichutamia. Akatikisa kichwa, akaingia jikoni mwake, akaanza kuosha sufuria zilizokwisha oshwa.

Kazini wamenipa rungu. Mwenzangu wa zamu kila jioni ananipokea kwa "Mjane, hujambo?" Nami najizoeza jibu la mahakamani: "Haina risasi." Maneno mawili tu! Nawaambia kuku, nakiambia kioo. Nikichoka kidogo, ulimi unarudi kwa bibi.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie ainame. Wabusu wajukuu wote wawili, na mama mkwe wako mpe heshima zangu hata kama hazitaki. Mungu akuzidishie mikono mepesi na wagonjwa wasio wabishi kama mimi.

Sasa nina ombi dogo moja. Unaikumbuka redio ya baba yako? Ulikuwa na miaka tisa, ukaitumbukiza kwenye pipa la maji ukisema unaiosha. Nilisema ni mimi. Kaka yangu alininunia miezi miwili, na siri ile sikuitoa hata siku ya kumzika. Sikuwahi kukudai kitu. Leo nadai mistari miwili na mhuri wa hospitali, ifike kabla ya tarehe 27. Andika kwamba Baba yako Mdogo ana akili timamu na si mwongo. Hilo la pili, jikaze tu.

Na tafadhali, mwishoni mwa barua, usimsalimie bibi.

Akupendaye kwa akili zake zote, ukithibitisha,
Baba yako Mdogo.