Kasia la Kaka Stane

Soča, karibu na Bovec,
11 Agosti 2013.

Mpendwa dada Dragica,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na shemeji Ernesto, na wapwa zangu? Kifua chako je, kimetulia? Nakuwaza sana, maana huko Bariloche, kusini mwa dunia, sasa ni majira ya baridi na theluji tupu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nyasi za mlimani tumeshakata, na mama mkwe bado anagombana na majirani kama kawaida yake.

Tumerudi juzi kutoka likizo ya mtoni. Unaijua desturi yetu: kila Agosti tunapiga mahema kando ya mto Soča, mimi, kaka Stane, na marafiki zetu Breda na Jernej. Asubuhi tunashuka na vimtumbwi vyetu vya kayaki bila haraka, mchana tunalala juu ya mawe, jioni tunakula viazi na jibini laini na kuonja pombe kali ya Jernej. Mwaka huu mvua ilinyesha karibu kila siku, milima hatukuiona kabisa. Lakini si mvua iliyonikosesha raha.

Dada, kaka Stane anasahau. Mwezi wa Juni alimwita mke wangu kwa jina lako, tukacheka. Kambini akauliza nani ataenda kumpokea baba stesheni. Baba, ambaye tulimzika wewe ukiwa bado hujaondoka! Safari hii hatukucheka.

Unakumbuka yeye ndiye hutangulia. Anashuka peke yake, anatazama, kisha anatupa ishara kwa kasia, kwa sababu kelele za maji humeza sauti. Kasia likisimama wima, njooni. Likilazwa juu ya kichwa, simameni. Tangu utotoni sijawahi kulitilia shaka kasia lake.

Jumatano, chini ya daraja la kamba, alilisimamisha wima. Breda akashuka. Kumbe mti mzima ulikuwa umelala mtoni, maji yanapita kwa nguvu katikati ya matawi, na Stane amekaa kando yake anautazama. Kayaki ya Breda ikanaswa, ikapinduka. Jernej alimrushia kamba, tukamvuta. Amevunjika kidole tu, namshukuru Mungu.

"Mti wote huo hukuuona?" Jernej alifoka.

"Nimeuona. Si ndiyo maana nikawaambia msimame?"

"Umelisimamisha wima, mzee!"

"Wima ndiyo simameni," akasema, kisha akatutazama mmoja mmoja. "Au sivyo?"

Breda, mkono ukimvuja damu, akamfungua kofia yake ngumu na kumwambia, "Twende tukanywe chai, babu wewe. Umeshanichosha."

Jioni waliniambia nimwambie mimi kwamba asitangulie tena, kwa kuwa ni kaka yangu. Niliogopa, dada, sikufichi. Tangu mkewe Milka afariki, kule mbele mtoni ndiko mahali pekee alipobakiwa napo. Asubuhi nikasukuma kayaki yangu kwanza, nikasema, "Leo nitangulie mimi, kaka. Wewe uwe wa mwisho." "Haya," akasema. "Ila usituue."

Nilichagua mahali pepesi, ambapo watoto huogelea. Nikafika chini, nikasimamisha kasia wima. Breda alikuwa kambini na kidole chake, Jernej akaja. Stane hakuja. Alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, kwenye maji yaliyotulia, ananitazama. Nikalisimamisha tena. Akainua mkono akagonga juu ya kofia yake, ile ishara yetu ya kusema mimi mzima. Nikainua tena, akagonga tena. Mwishowe nilimfuata kwa miguu ukingoni. Alikuwa analia, na mkono bado unagonga kofia.

Njoo, dada. Usingoje Krismasi. Daktari wa Tolmin ameshatuambia kwamba hali hii haitarudi nyuma. Jana Stane aliniuliza kama umeshaacha kuogopa maji. Bado anakujua wewe ni nani.

Nisalimie Ernesto, Paula na Tomás. Breda anakusalimu kwa mkono wake mzima. Mungu akulinde njiani na akufikishe kwetu mapema.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukungoja,

Ludvik