Mwavuli Mwekundu wa Siku Uliyozaliwa

Kwenye meza ya vitabu,
Mkabala na fundi saa,
Jumapili, tarehe 14, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Naiandika mara ya pili, shikamoo, maana ile ya mwezi wa pili hukuitikia. U hali gani? Mgongo je, umepoa au bado unakusumbua? Na hapo hospitali, wamekutoa kwenye zamu ya kufua mashuka usiku, au bado wanakuona wewe ndiye mashine?

Sisi huku wazima. Mama yuko salama, magoti tu yanamgomea asubuhi, yakishapata chai yanakubali kazi. Wifi yako hajambo, ananicheka hapa navyoandika nimetoa ulimi nje kama nachora ramani. Wanao wa huku wamemaliza mtihani. Wa kwanza amefaulu. Wa pili amefaulu kuwachekesha walimu, sijui karithi wapi.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu naijua mimi. Nikianza jambo zito naleta utani, wewe unacheka, salio linakatika, basi tumeagana. Karatasi hainicheki. Kwa hiyo kaa kitako, na kama umebandika kitu jikoni, kaepue kwanza.

Nataka nikupe habari ya siku uliyozaliwa. Siyo ile ya Shangazi. Ile ya Shangazi tumeisikia wote mpaka kuta zinaijua: kwamba siku uliyoingia duniani Baba aliharibu kazi kiwandani, akakatwa mshahara wa mwezi mzima, kwa hiyo ulikuja na kisirani chako mkononi. Umekua nayo hiyo, umeondoka nayo. Miaka tisa hujakanyaga nyumbani, hata kumzika Baba hukuja. Juzi kwenye simu ukasema, "Mwacheni mwenye kisirani akae mbali, nyie mle mshahara wenu kwa amani." Ukacheka. Dada, mimi kazi yangu ni utani, kicheko cha kufunikia nakijua hata nimefumba macho.

Sasa nianzie mbali kidogo, kwenye biashara, utaona inakufikia.

Meza yangu unaijua, na turubai lake linalovuja pale pale ninapokaa. Zamani nilikuwa nauza riwaya kuukuu, nyingine zimekatika kurasa za mwisho, watu wakawa wananirudia kwa hasira wananiuliza muuaji alikuwa nani. Nilikuwa nawatungia. Nikachoka kutafuta wauaji, nikaingia kwenye vitabu vya katuni vya zamani.

Unamkumbuka Kachero Mwavuli? Yule mpelelezi mnene, anafungua mwavuli hata akiwa sebuleni kwa watu. Si ndiyo hivyo vilivyokuwa vinachapwa kiwandani kwa kina Baba, akawa anatuletea Ijumaa bado vinanuka wino. Sisi tukishavisoma tunafutia meza. Leo watu wazima wenye magari wanavitafuta kama dawa.

Aliyenifungua macho ni mteja mmoja, mstaafu, nimempachika jina Mzee Lenzi kwa sababu haji bila kioo chake cha kukuzia mfukoni. Anasoma vitabu kama daktari anavyompima mtu: anafunua, anainama, anaguna, hakuambii kitu.

Sikiliza, hii ni elimu na mimi nimeipata bure. Vitabu viwili vinaweza kuwa na hadithi ile ile, mwizi anakamatwa ukurasa ule ule, na bado kimoja kikawa bei ya chai na mwenzake bei ya ng'ombe. Inategemea kilichapwa lini na kilichapwaje. Ukifunua jalada, chini kabisa kuna mstari mdogo kama wa sisimizi: chapa ya kwanza, chapa ya pili. Chapa ya kwanza walitoa vichache, hawakujua kama watu watavipenda. Ya pili wakavimwaga kama mchanga. Ya tatu karatasi ikawa nyepesi mpaka ukisoma ukurasa huu unaona miguu ya watu wa ukurasa wa nyuma. Tena kuna Toleo la Tatu, yaani hadithi ya tatu ya Kachero, lilitoka na bei mbili, maana bei ilipandishwa mtambo ukiwa unazunguka. Vile vichache vilivyowahi kutoka na bei ya chini ndivyo ghali siku hizi.

Nikamuuliza Mzee Lenzi, "Kwa hiyo cha bei rahisi ndicho cha bei ghali?"

"Sasa umeanza kuelewa."

Sikuwa nimeelewa kitu.

Lakini kinachowatoa jasho kuliko vyote ni kosa. Kitabu kilichokosewa, kikatupwa, vikabaki viwili vitatu kwa bahati. Toleo la Tano la Kachero, kila mtu anajua, mwavuli ni wa bluu. Ila Mzee Lenzi akaniinamia kama ananipa siri ya serikali, akasema vipo ambavyo mwavuli ni mwekundu. Anavitafuta mwaka wa kumi na moja huu. Amewahi kukiona kimoja tu, kwa mtu asiyeuza.

Dada, niliganda. Mwavuli mwekundu! Si ndiyo makava ya madaftari yetu? Lile rundo la Mama chini ya kitanda, kila muhula anachana jalada, anafunika daftari, vya ndani anawashia moto. Darasa la tatu wewe peke yako ulimaliza saba, maana masomo yalikuwa saba. Watu wanakuna vichwa kwa nini ni adimu. Ni adimu kwa sababu ya hesabu zako na sayansi!

Hapa nitakwambia ukweli ila usimwambie Mama. Kabla ya kwenda kuchimbua chini ya kitanda, shetani alinipitia. Nilichukua Toleo la Tano la kawaida, nikanunua kalamu nene nyekundu, nikaupaka mwavuli taratibu, nikamwekea Mzee Lenzi mezani na uso wa mtu aliyeokoka. Akatoa kioo chake. Akakohoa.

"Kijana, rangi ya mtambo huwa vitone vitone. Hii imepita kama mswaki."

"Labda siku hiyo mtambo ulikuwa na haraka, Mzee."

"Na huyu askari? Kwenye kile chenye kosa, kila palipokuwa na bluu pakawa pekundu. Mwavuli, mlango, mpaka viatu vya askari. Huyu wako mbona viatu bado vya bluu?"

Fundi saa alicheka mpaka akaangusha mshale wa saa ya mtu, tukautafuta wote watatu kwa kile kioo. Nikaomba radhi. Mzee akasema amesamehe, ila kitabu amekichukua akanicheke na wenzake.

Basi nikaenda kwa Mama. Rundo halipo, liliisha zamani. Ila chini ya sanduku lake la nguo, ndani ya karatasi ya kaki iliyofungwa kwa uzi, kilikuwepo kimoja. Kizima, Dada! Pini zake mbili, kurasa zote, mwavuli mwekundu, na askari ana viatu vyekundu kama anaenda harusini.

Mzee Lenzi alipokishika alisahau hata kutoa kioo chake. Akanitajia bei. Ni nauli yako ya ndege ya kuja na kurudi, na chenji inayobaki natoa turubai naezeka bati. Halafu akageuza nyuma, akaona maandishi ya penseli. Akanyong'onyea. Kwao maandishi ya mwenye kitabu ni doa, yanakata bei nusu. Akasema penseli hutoka kwa raba laini, mtu akiwa na mkono mwepesi, na yeye wake umeshaanza kutetemeka.

Nikanunua raba mpya. Nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa. Sikuyasoma, Dada. Naapa sikuyasoma. Nilidhani ni orodha ya dukani, unamjua Baba na ile penseli yake ya sikioni, alikuwa anaandika mpaka kwenye kiberiti. Nikafuta neno la kwanza. Nikapuliza yale makombo ya raba. Ndipo jicho likaangukia neno la mbele, nalo lilikuwa "binti".

Nakuandikia yote kama yalivyo, na lile nililofuta bado linaonekana kwa mbali ukilaza karatasi kwenye mwanga:

"Leo nimepata binti, kilo tatu na robo. Kosa la rangi ni langu, furaha ilinizidi. Hiki ni chake akikua."

Nilifunga meza saa nne asubuhi. Wateja walidhani nimefiwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Wino, yule mwenzake Baba wa kwenye mtambo. Amezeeka, lakini kucha bado zina weusi. Nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Akacheka kwanza, akakohoa, akacheka tena. Anasema mtambo wao ulikuwa wa rangi moja moja: karatasi zinapita kwa njano, zinakauka, zinapita kwa nyekundu, halafu bluu, mwisho nyeusi. Nyekundu ilikuwa imeshapita, Baba anasafisha mtambo ili atie bluu. Mtu akapiga kelele dirishani, "Umepata binti!" Baba akamkumbatia Fundi Wino, akamkumbatia na mlinzi, akachukua kopo bila kuangalia, akatia nyekundu tena. Akawasha mtambo, akawa anaimba. Msimamizi anafika, karatasi mia tatu zimeshapita.

"Alikatwa mshahara," Fundi Wino akasema, "na siku ya kukatwa alisaini huku anacheka. Karani akamuuliza kama ameelewa alichosaini. Baba yako akasema, 'Nimeelewa, mwanangu wa kwanza ni binti.' Zikaamriwa zikatupwe. Yeye akaomba rundo moja, usiku ule ule akalimalizia kwa nyeusi na kulibana pini mwenyewe, akasema hizi ni za mtoto wangu."

Hicho ndicho kisirani chako. Shangazi alisema kweli kuhusu mshahara. Kilichobaki hakuwepo, alikisia.

Nilimrudia Mama nikiwa na hasira kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akaniangalia kama namuuliza jua linatokea wapi. "Mwezi ule tulikunywa chai bila sukari, na baba yenu kila kikombe anasema ni tamu. Nilidhani amemwambia mwenyewe." Baadaye akasema, "Na yeye labda alidhani mimi nimemwambia." Halafu akakunja karatasi ya kaki, akaikunjua, akaikunja tena.

Kitabu sijauza. Mzee Lenzi kaja mara tatu, amekubali sasa kukinunua na maandishi yake. Nimemwambia mwenye mali yuko safarini. Kimeandikwa ni chako, na mimi nimeshakifutia neno moja, sitakiongezea kosa la pili. Ukitaka kukiuza utauza wewe, kwa mkono wako, na nitakusaidia kupandisha bei, hiyo kazi naijua. Ukitaka kikae, kikae.

Ila nauli isikuumize kichwa. Yale matoleo yangu mwenyewe, la kwanza mpaka la kumi na mbili, yote chapa ya kwanza, yale niliyokuwa nayawekea mfuko wa nailoni kama mtoto wa mfalme, nimemuuzia Mzee Lenzi. Bati litasubiri, na mvua ya leo imenipiga upande mmoja tu. Fedha iko kwa Mama, na kwa Mama unajua haitoki kwa sababu nyingine. Omba likizo. Waambie hapo hospitali mashuka yajifue wiki tatu.

Humu kwenye bahasha nimekuwekea kava la daftari lako la hesabu, darasa la tatu, Mama alikuwa amelitunza. Mzee Lenzi anasema jalada peke yake ni kama shati bila mtu, halina bei kubwa. Kwangu lina mtu. Jina lako limeandikwa na Baba, lile "a" lake lenye mkia. Ukikikumbuka kicheko chake, angalia viatu vya askari.

Na penseli yake ipo, Mama alikuwa nayo kwenye kopo la vifungo. Ni fupi, haifiki kidole, ila bado inaandika. Sitaki kulirudisha mimi lile neno nililolifuta. Mwandiko wangu utaharibu. Njoo uliandike wewe, hapa nyumbani, siku hiyo utakayofika.

Mama anakusalimu sana, na magoti yake pia. Wifi yako anakusalimu, anasema ulete mafuta yale ya mikono. Wanao wa huku wanakusalimu, wa pili ameomba akuandikie mwenyewe nikamnyima karatasi. Fundi Wino anakusalimu kama mtu aliyekumbatiwa kwa ajili yako. Shangazi naye anakusalimu. Nimemsomea yale maneno ya penseli mara mbili. Mara ya pili alijifuta macho, akasema nikuandikie kwamba amekosea, kisha akasema nisiandike. Nimeandika.

Mungu akulinde barabarani na angani, akupe kiti cha dirishani.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Kidomo

Nilisahau: raba nimeitupa. Mama alisimama pale pale akahakikisha.