Shati la Sare la Abel

Loveness mwanangu,

Uji uko kwenye chupa. Nimeenda Kagongwa kwa shangazi yako, nitarudi jioni. Mbuzi wafungulie saa nne, umande ukishakauka.

Asubuhi sikukufokea kwa hasira. Nilipotoka jikoni nilimwona kaka yako amesimama mlangoni na shati lake la vijana wa parokia, lile la kola ya kijani. Mgongo ule ule. Nikasema, "Abel, umetoka duarani?"

Ukageuka, kumbe ni wewe. Ukasema, "Mama, sare mpya ni elfu arobaini, nikaona nilipunguze hili." Nami nikakufukuza kama mwizi. Tangu kifusi kimfunike ndani ya duara, shimo lile la machimboni, kila alfajiri namsikia akipiga hodi. Naenda kufungua, sikuti mtu. Sijawahi kukwambia.

~~Lirudishe sandukuni. Nitauza kuku ushonewe jipya.~~

Hapana, nimefuta. Umelishona vizuri, hata mafundi wa sokoni hawakufikii.

Livae Jumapili. Nitakaa benchi la mbele nikutazame, mpaka macho yangu yakubali kwamba ni wewe.

Mama yako